Kongelateri ikianza, nyumba inaingia giza: kosa ni ya batri?

Baba yuko posti ya usiku. Mama amejaza kongelateri samaki ya kuuzisha kesho sokoni. Umeme wa mji haupo. Nyumba inaishi kwa pano ya sola, batri na konvertisere. Ampuli zinawaka, televizyo inasema. Mara kompresere ya kongelateri inataka kuanza: konvertisere inalia, yote inazimika. Asubuhi samaki imelegea, na jirani anasema: "Batri yenu imekufa, uzeni ingine."

Hapa Kolwezi, batri inakula mushahara. Kabla ya kununua ingine, muzuri kujua nani mwizi.

Nguvu ya kuanza

Mutu aliyesukuma baiskeli yenye mifuko ya minerai anajua: kazi ngumu ni kuianzisha. Ikishatembea, inaenda. Kompresere ni vile vile. Kongelateri iliyoandikwa wati 150 inaweza kuomba mara tatu mpaka mara saba wakati wa kuanza, ni kusema wati 450 mpaka 1 050. Ni kwa muda mufupi sana, lakini konvertisere lazima ibebe muzigo ule.

Kwa hiyo soma namba mbili: nguvu ya kila saa, na nguvu ya kilele. Mara nyingine namba kubwa iliyo kwenye karto ni ya kilele tu.

Wezi watatu

Mwalike fundi mwenye multimetri, ile inayoweza kushika namba ya chini kabisa. Apime volti mara mbili wakati kongelateri inaanza: kwanza ku batri yenyewe, kisha mahali waya zinaingia ndani ya konvertisere.

Volti ikianguka ku batri yenyewe, batri ni ndogo, imechoka, ao haikujaa.

Batri ikibaki na 12,2 lakini konvertisere inapata 10,5, mwizi ni waya, ao vis zilizolegea. Angalia hesabu: kwa batri ya volti 12, wati 1 000 ni amperi 83 na zaidi. Waya ya shaba ya milimetri 6 za mraba, metre 3 kwenda na 3 kurudi, inakula karibu volti moja na nusu. Konvertisere inafikiri batri imeisha, inajizima. Waya ya 35, urefu ule ule, inakula robo ya volti tu. Shaba hii tunaitoa sisi wenyewe chini ya udongo, tusiikatae nyumbani.

Volti ikisimama vizuri pande zote mbili na bado inazimika, basi konvertisere ndiyo ndogo.

Nyumbani, ufanye hivi

Anzisha kongelateri peke yake, kisha televizyo na vingine. Frigo na kongelateri zisianze pamoja. Umeme ukikatika, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha kongelateri tena: ndani ya kompresere gazi ingali inasukuma, na kuianzisha wakati ule ni kusukuma baiskeli kwenye mulima.

Pompi ya maji itumike muchana, wakati jua ni kali. Pasi na reshó si mambo ya kuanza. Zenyewe zinakula muda wote. Hizo, tuachie makala.

Weka konvertisere karibu na batri, waya ziwe fupi na nene, na fizible karibu na batri. Kabla ya kukaza vis, zima yote na utoe pete ku kidole: ufunguo ukigusa plus na minus pamoja, unawaka moto.

Ukijenga mupya, fikiria volti 24: kwa nguvu ile ile, amperi zinapungua nusu. Na kama unanunua kongelateri, ile yenye kompresere inayoanza polepole inapunguza muzigo wote huu.

Fundi wa kupima atachukua makuta kidogo. Batri isiyohitajika itachukua mushahara, na samaki itaharibika tena.