Mhubiri Aone Kwanza: Juu ya Kutengeneza Mahubiri katika Buhaya

Katika Buhaya msimulizi wa hadithi hasemi peke yake. Aanzapo hunena ya kwamba alikuja akaona. Nao wasikiao humwitikia wakimtaka aone, ili wao nao wapate kuona. Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya, alilifanya itikio hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Twadhani ya kuwa desturi hiyo ina fundisho kwa kila mwalimu wa Kahororo, na wa Bukoba na Muleba pote, ajifunzaye kuhubiri: asiyeona hawezi kuwaonyesha wengine.

Jambo hili ni zito, kwa sababu Wahaya wengi walilipokea Neno kwa lugha ya wengine. Kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kujifunza dini Uganda, wakisoma vitabu vya Kiganda. Baadaye Kiswahili kilienea kanisani na shuleni, na nyumbani watu huzungumza Kihaya. Basi msikiaji aweza kuyafahamu maneno yote ya mahubiri, asipate picha yo yote moyoni. Huitika "Amina", akarudi kibanjani mikono mitupu.

Na tutwae mfano wa mzabibu, Yohana 15. Mzabibu si mti wa Buhaya. Mwalimu mwenye haraka husema, "Yesu ni mgomba, ninyi ni matawi." Maneno haya hupendeza, maana mgomba ndio uhai wa kibanja. Lakini kila mkulima ajua ya kuwa mgomba hauna matawi. Shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na machipukizi hushika mahali pake. Basi mfano huo wafundisha kinyume cha Andiko, yaani shina lafa na watoto waendelea bila yeye. Mzee aketiye nyuma kanisani ameliona kosa hilo, naye mhubiri hajaliona.

Lakini katikati ya migomba husimama mkahawa. Huo una matawi. Mwenye shamba huyapunguza, na tawi lililokatwa hunyauka, wala halizai buni tena. Hapo neno la "kukaa ndani yake" laonekana kwa macho. Hata hivyo mhubiri asiufute mzabibu. Aeleze kwanza ni mti wa namna gani, ndipo aulete mkahawa uwe shahidi wa Andiko, usishike mahali pake.

Tena yafaa ajue wasikiaji wameona nini. Katika Mathayo 21 twasoma habari za wakulima waliopangishwa shamba, wakakataa kutoa matunda. Katika Buhaya palikuwa na nyarubanja, ambayo kwayo mkulima alimlipa bwana wa ardhi, hata sheria ya mwaka 1965 ikafungua njia ya kuikomesha. Mtu ambaye babu yake alilipa hivyo, asikiapo bwana akituma watumwa wake kudai matunda, huenda moyo wake ukasimama upande wa wakulima. Mhubiri asiyelijua hilo atashangaa kuona nyuso zimefungwa. Alijuaye ataonyesha mapema ya kuwa bwana huyu mwenyewe alipanda shamba, akalizungushia ugo, akajenga mnara, na mwisho akamtuma mwanawe.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mwanzo wa juma, soma Andiko kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, mara tatu au nne, kabla ya kushika kalamu. Uulize: Ni nani anenaye hapa, na kwa nani, na kuna kitu gani mbele ya macho yao? Kisha andika sentensi moja tu iliyo kiini cha mahubiri. Lisiloitumikia sentensi hiyo liweke kwa siku nyingine. Siku ya Jumamosi, umwendee mtu wa nyumbani asiyekuwa na elimu ya vitabu, umweleze kwa Kihaya bila karatasi. Usimwulize kama amefahamu, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwulize ameona nini. Akikueleza jambo lile lile uliloliona wewe, mahubiri yako tayari. Asipoweza, rudi kwenye Andiko, usiku ungaliko.