Haki Ipitayo Mipaka

Katika mwaka 1971 John Rawls, mwalimu wa Harvard, alitoa kitabu juu ya haki. Lakini haki hiyo aliipima ndani ya mipaka ya dola moja. Charles Beitz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliuliza: aliyezaliwa penye madini amefanya nini kumzidi aliyezaliwa penye mawe matupu? Basi mgawanyo wa mali ya ardhini wapasa kuhojiwa hata baina ya mataifa.

Hapa mfasiri na atahadhari. Akiandika kwamba tajiri humpa maskini "msaada", amekwisha kuibomoa hoja ya Beitz; kwani msaada ni hisani, na mwenye hisani aweza kuizuia. Haki hudaiwa. Rawls mwenyewe hakukubali: katika kitabu chake cha mwaka 1999 alichagua neno msaada, tena wenye kikomo.