Ziwa Rukwa: Kwa nini samaki hukua haraka, na huisha haraka

Ukishuka bondeni hadi Ivuna, wilayani Momba mkoani Songwe, unakutana na Ziwa Rukwa: pana, lakini kina chake ni mita chache tu. Mbona maji mafupi hivyo yanatoa samaki wengi?

Jua na upepo
Upepo ukivuma, tope lenye rutuba huinuka kutoka chini. Jua nalo linaotesha mwani mdogo wa kijani, chakula cha perege. Chakula kikiwa jirani na maji yana joto, samaki hunenepa upesi.

Kitalu ni ukingoni
Perege wa Rukwa (*Oreochromis rukwaensis*) asili yake ni bonde hili. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, kisha huwaachia vifaranga kwenye maji mafupi yenye majani, wanakojificha na kukua. Mvua zikiwa nzuri, ziwa hufurika hadi kwenye nyasi na kitalu kinapanuka.

Ziwa lisilo na mlango
Pwani, maji mafupi yaliyofungiwa nyuma ya fungu la mchanga huwa na njia ya kuingiza maji ya bahari, na samaki pia. Rukwa haina. Mito kama Momba na Songwe inaingiza maji, lakini hakuna mto unaoyatoa. Yanapungua kwa jua tu, na chumvichumvi inabaki. Ndiyo maana ukame ukibana, ziwa hurudi nyuma kwa kasi.

Wingi unaodanganya
Hapo ndipo penye mtego. Maji yakipungua, samaki hubanana na nyavu zinajaa. Mtu anaweza kudhani ni neema, kumbe ni samaki walewale wamekosa pa kwenda, na kitalu chao kimekauka. Perege wakibanwa hivyo, mara nyingi huanza kuzaa wakiwa bado wadogo, kwa hiyo hata wanaobaki wanadumaa.

Ukivuta kokoro ukingoni wakati huo, unazoa vifaranga ambao wangekuwa kitoweo na ada ya shule ya mwakani. Kokoro limepigwa marufuku nchini, na sababu mojawapo ni hiyo.

Kwa hiyo mwaka ambao maji yamerudi nyuma ndio wa kupunguza mkono. Wakibaki wazazi wa kutosha, mvua zikirudi na nyasi zikifunikwa, Rukwa hujaa tena. Wasipobaki, maji yatarudi peke yake.