Kuteleza si kuanguka: mtumbwi, barafu na mguu mmoja

Abiria anayeshuka Goziba kwa mara ya kwanza hupata kituko kabla hata hajapokelewa mzigo. Amekaa saa kadhaa kwenye boti, Ziwa Victoria limemrusha huku na huku, na sasa amekanyaga mchanga mkavu wa mwalo. Lakini mchanga unayumba. Anatanua miguu, anashika bega la aliye karibu, wenyeji wanacheka. Kisiwa hakijasogea. Kinachoyumba ni hesabu iliyomo kichwani mwake.

Pembeni yake anapita kijana mwenye beseni la dagaa kichwani. Anaweka mguu mmoja kwenye ukingo uliolowa wa mtumbwi, anainua wa pili, ameshaingia. Hakutazama chini. Hatua ile haikuchukua sekunde mbili, na ndani yake mna somo ambalo watu wa Kanada na Uholanzi hulipia ada ili wafundishwe juu ya barafu: namna ya kuuweka mwili wote kwenye mguu mmoja huku kilicho chini ya mguu kinakwenda.

Goziba ni kisiwa cha Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kusini kidogo ya Ikweta. Barafu inayojulikana huko ni ya kuhifadhia sangara, wala hakuna atakayeamka akute ziwa limeganda. Hata hivyo, mvuvi na mcheza barafu hutegemea viungo vilevile vya mwili, na viungo hivyo huchoka kwa kila mtu kadiri umri unavyosonga.

Mashahidi watatu

Ili ujue umesimama wima, ubongo husikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni sikio la ndani. Kila upande wa kichwa mna mifereji mitatu myembamba iliyojaa majimaji, imepangwa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye kona ya chumba. Ukigeuza kichwa, majimaji huchelewa kidogo kufuata, na kuchelewa huko ndiko kunakouambia ubongo umegeukia wapi. Kando ya mifereji viko vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa zinazohisi mvuto wa dunia na mwendo wa kwenda mbele, juu au chini. Shahidi wa tatu ni nyayo, vifundo, magoti na misuli, ambavyo hupeleka habari za kila mkandamizo na kila mnyooko.

Mashahidi wakipatana, huna habari nao. Wakipingana, utajua. Abiria aliyeinamia sakafu ya boti huona ubao uliotulia, ilhali sikio linashuhudia kupanda na kushuka. Matokeo yake ni kichefuchefu. Ndiyo maana wazoefu humwambia mgeni atazame mbali, pale ziwa linapokutana na mbingu, ili macho nayo yaone mwendo ule unaosikiwa na sikio.

Baada ya saa kadhaa ubongo huzoea na kuanza kuyatoa mawimbi kwenye hesabu. Kazi hiyo hufanywa kwa kiasi kikubwa na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Abiria akishuka, ubongo bado unatoa mawimbi ambayo hayapo tena, na mchanga unaonekana kucheza. Kwa watu wengi hali hiyo hupita upesi.

Pombe nayo humhonga shahidi wa pili. Huingia kwenye utando laini wa ile mifereji haraka kuliko inavyoingia kwenye majimaji yake, utando ukawa mwepesi na kuelea. Sikio likatoa ushahidi wa uongo kwamba kichwa kinazunguka. Aliyezidisha rubisi akalala chali akaona paa likizunguka, haoti. Mtu wa namna hiyo hapaswi kupanda mtumbwi usiku.

Kusimama ni kuanguka kidogo kidogo

Vua viatu, simama kwa mguu mmoja, kisha tazama kifundo chako. Mishipa ya misuli inachezacheza bila kupumzika. Kila mara mwili unaanza kuanguka, na kila mara unarudishwa kabla mwenyewe hujatambua. Juu kidogo, misuli ya ubavuni mwa nyonga inashikilia kiuno kisizame upande wa mguu ulioinuliwa. Misuli hiyo ikilegea, mtu hutembea akipepesuka.

Huu si mchezo wa watoto tu. Katika mwendo wa kawaida wa kutembea, takribani asilimia 80 ya muda mtu yuko juu ya mguu mmoja, kwani mwingine uko hewani. Asiyeweza kuutegemea mguu mmoja hawezi kutembea vizuri.

Somo la barafu

Kwa nini barafu huteleza? Wengi walifundishwa kwamba uzito wa mtu huikandamiza ikayeyuka. Mkandamizo una mchango mdogo, lakini hautoshi kueleza kwa nini watu huteleza hata kwenye baridi kali sana. Tangu karne ya 19 mwanasayansi Michael Faraday alidokeza kwamba barafu, hata ikiwa imeganda, huwa na ngozi nyembamba inayofanana na maji. Leo inajulikana kwamba molekuli za juu kabisa hazijafungwa imara kama za ndani, hivyo hujongea, na joto la msuguano huongeza ulaini huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa utelezi huwa mkubwa zaidi barafu ikiwa kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri.

Chini ya kiatu cha barafu mna bapa la chuma lenye upana wa milimita chache tu. Limechongwa mfereji katikati, likabaki na kingo mbili kali. Mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka bila kuumia, kisha kukanyagakanyaga papo hapo, kisha kuserereka kwa miguu miwili huku magoti yamekunjwa. Halafu unakuja mguu mmoja, na hapo wengi hukwama.

Kosa lao ni moja. Mwanafunzi huinua mguu wa kushoto lakini mwili wake umebaki katikati, kwa hiyo mguu ule hurudi chini papo hapo. Mwalimu humtaka kwanza auhamishe uzito: nyonga, goti na pua vije juu ya mguu wa kulia, ndipo wa kushoto uinuke kidogo tu. Macho mbele, mikono imetanuliwa kiasi.

Kosa hilohilo huonekana mwaloni. Mgeni hunyoosha mguu hadi kwenye mtumbwi huku uzito wake ameuacha ufukweni. Mtumbwi unasogea, miguu inaachana, na yeye anaoga ziwani na nguo zake. Mguu ulihama, mwili ukabaki.

Tena, mwendo wa taratibu mno ni mgumu kuliko wa wastani. Mwendesha baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi analijua hilo: baiskeli ikikaribia kusimama, usukani hutapatapa, ikishika mwendo, hutulia, kwa sababu anaweza kuyaelekeza magurudumu yarudi chini ya mzigo. Barafuni ni hivyo hivyo. Ukiinamia upande, ukingo wa chuma hukata mkunjo na kuurudisha mguu chini ya mwili. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema.

Kutoka mbio hadi theluji

Mwana wa Afrika Mashariki aliyeonyesha mbele ya dunia kwamba kuteleza si kuanguka ni Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyeanza mazoezi ya kuteleza kwenye theluji nchini Finland mwaka 1996. Mkimbiaji hukanyaga na kuondoka. Anayeteleza kwa mbao za theluji hukanyaga, akasukuma, kisha akangoja juu ya mguu mmoja huku anakwenda. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, Boit alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, katika kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni akamkumbatia, na baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Yeye mwenyewe alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Nairobi nako, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Hapo ndipo timu ya magongo ya barafu ya Ice Lions ilipojifunzia. Mwaka 2018 wachezaji wake walikwenda Kanada na kucheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Sekunde kumi

Kwa asiye na uwanja wa barafu wala mtumbwi, kipimo ni sekunde kumi. Mwaka 2022 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha utafiti wa Brazil uliowapima watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Mmoja kati ya watano alishindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi. Kwa wenye miaka 51 hadi 55 walioshindwa walikuwa kama asilimia 5. Kwa wenye 71 hadi 75 walizidi nusu. Katika miaka saba hivi ya ufuatiliaji, walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki. Kushindwa huko hakuui; ni taa inayoonyesha udhaifu au ugonjwa uliojificha. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka.

Habari njema ni kwamba uwezo huu hufundishika. Simama karibu na ukuta au kiti kizito. Hamisha mwili kwanza, kisha inua mguu. Ukiweza sekunde kumi kila upande, fanya hivyo kila siku unapopiga mswaki. Usifumbe macho mpaka umezoea, na pawe na mtu karibu. Wazee waliowahi kuanguka, wajawazito na wenye kizunguzungu wamwone mhudumu wa afya kwanza. Amwone pia aliyeanza kuyumba baada ya kudungwa sindano za gentamisini au streptomaisini, kwani dawa hizo zinaweza kudhuru sikio la ndani. Na anayepoteza mizani ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakamparaganyika, asipimwe kwa mguu mmoja: hizo ni dalili za kiharusi. Awahishwe hospitali.

Wengine wote waanze leo. Na siku utakapofika Goziba, kabla hujaunyoosha mguu kwenda kwenye mtumbwi, uulize mwili wako kama nao unakwenda.