Kola ya Shingo: Bidhaa Iliyongoja Kanuni

Hoki ya barafu ina bidhaa moja ndogo iliyokaa rafuni miaka na miaka bila kugombewa. Ni kola ya kitambaa kigumu inayozungushwa shingoni na kunaswa kwa velkro, na katika maduka ya Marekani ya Kaskazini huuzwa kwa dola 20 hadi 40 hivi. Mchezaji aliyekuwa tayari kutoa zaidi ya dola 300 kwa gongo linaloweza kuvunjika siku hiyohiyo, na zaidi ya dola 1,000 kwa viatu vya kutelezea, aliipita kola hiyo kama haioni.

Tarehe 28 Oktoba 2023 mambo yakabadilika. Katika uwanja wa Sheffield, Uingereza, Adam Johnson, Mmarekani wa miaka 29 aliyeichezea Nottingham Panthers, alikatwa shingoni na chuma cha kiatu cha mpinzani mbele ya watazamaji, akafariki. Siku chache baadaye kola zilikuwa zimeadimika madukani, Uingereza na Marekani ya Kaskazini pia. Warroad, kampuni changa ya Minnesota yenye fulana za ndani zilizoshonwa pamoja na kola, ililemewa na wateja. Mmoja wa wenye kampuni hiyo, T.J. Oshie, wakati huo mchezaji wa Washington Capitals, aliivaa bidhaa yake mwenyewe uwanjani.

Anayeitazama biashara hii juujuu atasema hofu ndiyo iliyofungua soko. Historia ya mchezo wenyewe inasema vingine: hofu humaliza mzigo uliopo ghalani, lakini anayejaza ghala mwaka baada ya mwaka ni mtunga kanuni.

Hofu hupoa

Tarehe 22 Machi 1989, mjini Buffalo, kipa Clint Malarchuk alikatwa mshipa wa shingo katikati ya mechi ya NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada. Alinusurika kwa sababu mtabibu wa timu, Jim Pizzutelli, aliyewahi kuhudumu jeshini Vietnam, aliubana mshipa kwa vidole mpaka msaada ulipofika. Februari 2008, katika mji uleule, Richard Zednik wa Florida Panthers alikatwa mshipa mkubwa wa shingo na kiatu cha mchezaji mwenzake. Naye alipona. Mara zote mbili watu walishtuka na kuzungumza, kisha ligi ikaendelea kuwaachia wachezaji wenyewe waamue kama watavaa kola au la.

Sweden ilichukua njia nyingine. Bengt Åkerblom wa timu ya Mora alipofariki kwa jeraha la namna hiyo mwaka 1995, chama cha mchezo nchini humo hakikungoja msiba wa pili, kikaifanya kola kuwa lazima. Tangu hapo mtoto wa Kiswidi anakua akiihesabu kola pamoja na soksi na glavu. Hata hivyo, wengi wa Waswidi hao walipohamia NHL, ambako hakuna aliyewalazimisha, waliivua. Ni watu walewale waliokulia ndani ya kola na waliojua habari ya Åkerblom. Kilichobadilika ni kanuni tu.

Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. NHL iliitazama Sweden ikinyolewa, ikakaa zaidi ya robo karne na nywele kavu.

Kanuni zafuatana

Baada ya Sheffield, kanuni ziliteremka kama mvua za masika. Chama cha hoki cha England kilitangaza kuwa kuanzia mwanzo wa 2024 hakuna atakayecheza chini yake bila kola. Shirikisho la kimataifa, IIHF, ambalo awali lilikuwa likiwabana vijana, liliwajumuisha wachezaji wa ngazi zote katika mashindano yake. AHL, ligi inayowalea wachezaji wanaosubiri kupanda NHL, iliifanya kola lazima kuanzia msimu wa 2024/25. Chama cha Marekani, USA Hockey, kiliweka tarehe 1 Agosti 2024 kwa makundi yote isipokuwa watu wazima.

Kwa mfanyabiashara, kanuni hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. NHL ina timu 32, na kila timu ina wachezaji wasiozidi 23 katika orodha yake ya kawaida. Ukiwajumlisha wote hawafiki 750, tena kwa kawaida timu ndizo zinazowanunulia vifaa. USA Hockey peke yake huandikisha wachezaji zaidi ya nusu milioni, wengi wao watoto ambao shingo na mabega yao hukua, kola ikabana, mzazi akarudi dukani. Mchezaji nyota wa NHL ni tangazo, mnunuzi mwenyewe ni mama anayemvalisha mwanawe wa miaka kumi saa kumi na moja alfajiri.

Kanada ililijua hilo mapema. Hoki ya watoto ya huko ilikuwa na kola za lazima zamani, tena zenye alama ya BNQ, taasisi ya viwango ya Quebec. Alama hiyo huamua nani anauza na nani anabaki nje: kiwanda kisichofaulu kipimo cha BNQ hakina njia ya kumfikia mtoto aliyesajiliwa, hata kikishusha bei namna gani.

Kitambaa cha mkata vioo

Kola za kwanza zilikuwa nailoni nzito iliyojazwa sponji. Za leo hutegemea nyuzi za aina mbili. Ya kwanza ni ya jamii ya aramidi, ambayo maarufu wake ni Kevlar, iliyogunduliwa na mwanakemia Stephanie Kwolek katika maabara za DuPont mwaka 1965. Ya pili ni polithini yenye molekuli ndefu kupita kiasi, inayouzwa kwa majina kama Dyneema na Spectra. Hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili ya hoki. Wateja wao wakubwa ni watengenezaji wa fulana za kuzuia risasi, kamba za meli na glavu za viwandani.

Hata kipimo kimeazimwa. Kiwango cha Marekani kinachotajwa sana katika biashara hii kilitungwa kwa ajili ya glavu za wafanyakazi wanaoshika vioo na mabati. Wembe hukokotwa juu ya kitambaa ukiwa na uzito juu yake, na kinachotafutwa ni uzito unaoufanya wembe upenye baada ya kusafiri milimita 20. Ngazi zinaanza A1, gramu 200, na kuishia A9, gramu 6,000. Ngazi ya A5, ambayo NHL imeichagua kama kima cha chini, huanzia gramu 2,200.

Hapo ndipo washindani wanapogombania. Bauer na CCM, majina makongwe yanayotawala rafu za vifaa vya hoki, wana mtandao wa maduka tayari. Kampuni ndogo zimeingia kwa mlango wa fulana: badala ya kola ya dola 30, wanauza nguo ya ndani yenye shingo ndefu na mikono inayolinda kifundo, kwa zaidi ya dola 100. Mchezaji aliyelalamika kuwa kola inamkwaruza na kumtia joto huivaa fulana na kusahau kuwa ana kinga. Muuzaji naye amepata faida ambayo kola tupu isingempa.

Wa zamani wasiguswe

Julai 2025 NHL na chama cha wachezaji walikubaliana juu ya mkataba mpya wa kazi. Kuanzia msimu wa 2026/27, mchezaji ambaye hajawahi kucheza hata mechi moja ya NHL atalazimika kuvaa kinga ya shingo. Aliyekwisha kucheza ataamua mwenyewe.

Desturi hii ni ya zamani. Kofia ngumu zilifanywa lazima mwaka 1979 kwa wale tu waliosaini mikataba kuanzia Juni ya mwaka huo, na wa mwisho kucheza kichwa wazi, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997. Kioo cha kukinga macho kilikuja mwaka 2013 kwa wenye mechi chini ya 26, na leo wasiokivaa wanahesabika kwa vidole. Chama cha wachezaji hutetea uhuru wa wanachama waliopo, ligi hupata kanuni bila mgomo, na gharama ya mabadiliko humwangukia kijana ambaye bado hana kura.

Matokeo yake ni vituko. Olimpiki ya Milano Cortina ya Februari 2026, iliyowarudisha wachezaji wa NHL kwa mara ya kwanza tangu 2014, ilikuwa chini ya kanuni za IIHF, yaani kola kwa kila mtu. Mchezaji yuleyule, kwenye barafu na viatu vilevile, alilazimika kujikinga akiwa Italia na hakulazimika aliporudi kazini kwake.

Kola isichokinga

Muuzaji mwaminifu ana mambo mawili ya kumwambia mteja. Kwanza, kola hupunguza hatari, haiiondoi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, zaidi ya robo ya wachezaji waliosema wamewahi kukatwa shingoni walikuwa wamevaa kinga wakati huo. Kola hupanda, hulegea, huacha pengo kati yake na fulana, na mchezaji akiikata ili apumue vizuri amebaki na pambo.

Pili, kitambaa hakilindi mifupa. Oktoba 1995 Travis Roy, kijana wa Chuo Kikuu cha Boston, alikuwa amecheza sekunde 11 tu za mechi yake ya kwanza alipogonga ubao wa uwanja na kupooza kuanzia shingoni. Jeraha la namna hiyo hutokea kichwa kinapoupiga ukuta kikiwa kimeinama na uti wa shingo ukabeba uzito wa mwili mzima. Lililosaidia ni marufuku ya kumsukuma mtu kwa nyuma, waamuzi wakali na makocha wanaofundisha kuinua kichwa. Mambo hayo hayauzwi dukani, na ndiyo maana hayana matangazo.

Kutoka Panari

Afrika Mashariki nayo imo. Barafu ya hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo Kenya Ice Lions walipozaliwa. Vifaa vyao vingi vimefika kwa misaada kutoka nje. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa IIHF, na katika mashindano ya shirikisho hilo kola si hiari tena. Kwa timu inayoishi kwa mizigo ya wafadhili, swali ni kama ndani ya begi kuna kola, na kama bado inafaa. Kola ni ndogo na nyepesi, rahisi kusafirishwa na rahisi kusahauliwa.

Kwa wauzaji hesabu ya mbele ni nyepesi. Kutoka kanuni ya kofia hadi kustaafu kwa MacTavish ilipita miaka 18. Kanuni ya shingo ikifuata mwendo huohuo, mchezaji wa mwisho wa NHL mwenye shingo wazi ataondoka kwenye barafu karibu na mwaka 2044. Mtoto wa miaka kumi anayevalishwa kola leo atakuwa na miaka 28 au 29 wakati huo, umri wa Johnson siku ile ya Sheffield.