Biskuti za oti na nazi kwa moto wa mkaa

Kutoka Bukoba hadi Muleba, mkoani Kagera, vilima vimefunikwa na migomba na mibuni. Minazi si miti ya huku. Nazi husafiri kutoka Pwani, na oti huja dukani kwa pakiti. Hata hivyo biskuti za oti na nazi zinazifaa sana nyumba za Kagera: hazitaki yai, hazitaki maziwa, wala hazidai oveni ya umeme.

Asili yake ni Australia na New Zealand. Huko huitwa Anzac, jina la kikosi cha pamoja cha nchi hizo kilichotua Gallipoli, Uturuki, Aprili 25, 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Miezi miwili baadaye, katika vita hiyohiyo, Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba na kuubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mapishi ya mwanzo ya biskuti hizo hayakuwa na nazi. Iliongezwa vita ilipokwisha.

Vipimo ni vyepesi: kikombe cha oti, cha unga wa ngano, cha nazi kavu, na robo tatu ya kikombe cha sukari. Waaustralia huyeyusha siagi gramu 125 pamoja na vijiko viwili vya shira nzito. Mpishi wa Kagera atumie asali, ila awe macho, maana asali huungua upesi. Kijiko cha chai cha soda ya kuokea hukorogwa katika vijiko viwili vya maji yanayochemka, kisha humiminwa kwenye siagi ya moto. Papo hapo povu hupanda, na kazi ya yai ya kuumua inakuwa imepata wa kuifanya. Mchanganyiko huo humiminwa kwenye vile vikavu, hukorogwa, kisha hufinyangwa viduara na kupangwa kwenye sinia.

Nazi iliyotoka kukunwa kwenye mbuzi ina maji mengi. Ikaangwe bila mafuta, moto mdogo, hadi ichambuke.

Oveni ni sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Sinia ya biskuti huwekwa juu ya mchanga ulioshika moto, na baada ya dakika 12 hivi hukaguliwa. Zikiwa za rangi ya kahawia na bado laini, zitolewe, hukauka zikipoa. Anayesubiri zikauke motoni atakula mkaa.

Bukoba ni mji wa mvua nyingi na hewa ya ziwa, kwa hiyo ziingie kwenye kopo linalofunga vizuri siku hiyohiyo, zikishapoa kabisa.