Skaneri ya moyo: tuulize nini kabla ya kuuza shamba?

Hapa Mavivi, familia ikiambiwa kwamba mgonjwa wao wa moyo apigwe skaneri, mara nyingi wazo la kwanza ni kuuza shamba la kakao na kuvuka Kasindi kwenda Kampala. Nasi makanisani tunaombwa mchango. Basi ni vema tuelewe kipimo hicho kinaonyesha nini.

Moyo nao unalishwa na damu, kupitia mishipa yake yenyewe iitwayo koronari, yenye upana wa milimita chache tu. Kwa miaka mingi, mafuta yanaweza kujikusanya ndani ya kuta zake, na chokaa ikashika hapo. Njia ya damu inapungua. Mtu anapopanda mlima au kubeba mzigo anasikia kifua kinabanwa, akipumzika, kinatulia.

Skaneri ni mashine ya miale ya eksirei inayozunguka mwili, na kompyuta inaunganisha picha zake. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ilipewa Godfrey Hounsfield, Mwingereza, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, kwa kazi hiyo.

Kwa mishipa ya moyo, mgonjwa anadungwa dawa ya ayodini ili damu ionekane. Lakini kwenye skaneri ya kawaida ayodini na chokaa vyote ni vyeupe, tena chokaa inang'aa kupita ukubwa wake, hata mshipa unaonekana umeziba kuliko ulivyo. Skaneri mpya, ya spektra, inapima miale ya nguvu mbili au zaidi. Kwa kuwa chokaa na ayodini haviizuii miale hiyo kwa kadiri moja, kompyuta inavitenganisha, na daktari anaona njia ya damu vizuri zaidi.

Hata hivyo, picha si tiba. Magonjwa mengi ya moyo katika nchi zetu yanatokana na tansio ya juu, au na valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatizimu tangu utotoni. Hayo yanatafutwa kwanza kwa kupima tansio, kwa elektrokardiogramu na kwa ekografia, vipimo vya bei nafuu kuliko skaneri.

Kwa hiyo, kabla ya shamba kuuzwa, familia imwulize daktari mambo matatu. Skaneri hii itajibu swali gani? Jibu lake litabadilisha matibabu? Mshipa ukikutwa umeziba, utatibiwa wapi na kwa bei gani? Naye mgonjwa aseme kama ana ugonjwa wa figo, mimba, au kama dawa fulani humdhuru.

Lakini maumivu makali ya kifua yasiyotulia, yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, hayangoji skaneri wala mchango. Mgonjwa apelekwe hospitali ya karibu saa ile ile. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tusimweke kwanza katika chumba cha maombi. Tuombe tukiwa naye njiani.

Na yule ambaye daktari amejibu maswali yake matatu, akaonekana kweli anahitaji skaneri, tumchangie bila kusita.

Bwana awalinde.